Carl Rogers: kutoka seminari hadi udaktari wa saikolojia

Katika Masisi na Walikale wako washauri wa makanisa wanaowasikiliza waliokimbia vita. Baadhi yao wanatamani kusoma saikolojia hadi udaktari. Maisha ya Carl Rogers yanawahusu.

Alizaliwa mwaka 1902 karibu na Chicago, Marekani, katika familia ya Kikristo yenye desturi kali. Chuoni alianza na kilimo. Mwaka 1924 aliingia seminari ya Union, New York. Miaka miwili baadaye aliona kwamba hawezi kufungwa na fundisho moja, lakini hamu ya kusaidia watu haikumtoka. Akahamia Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia, ng'ambo ya barabara.

Mwaka 1928, kabla ya kumaliza, alipata kazi Rochester ya kuhudumia watoto wenye shida. Hakuacha masomo. Utafiti wake ulihusu namna ya kupima hali ya nafsi ya watoto wa miaka 9 hadi 13, na mwaka 1931 akapata udaktari. Kitabu chake cha 1942 kilifundisha kwamba mshauri asikimbilie kutoa shauri, kwanza asikilize. Alifariki mwaka 1987.

Basi, anayewasikiliza wajane na yatima asidhani kwamba huduma hiyo inamchelewesha. Ndimo maswali ya utafiti yanamozaliwa. Ila huruma peke yake haifungui mlango wa udaktari: ajifunze pia kuuliza, kupima na kuandika.