Munganga Parke na mshale uliobaki kifuani zaidi ya mwaka

Mwezi wa nane 1887, kando ya mto Aruwimi, ule ambao huku juu tunauita Ituri, Luteni William Stairs alipigwa mshale wa sumu chini kidogo ya moyo. Mti wa mshale ulivunjika, ncha ikabaki ndani. Munganga wa msafara, Thomas Heazle Parke, akaweka kinywa chake kwenye kidonda na kunyonya sumu. Stairs akapona.

Parke alizaliwa 1857 huko Ireland. Akawa munganga wa jeshi la Waingereza, akatumika Misri. Mwanzo wa 1887 akaingia katika msafara wa Stanley uliokuwa unamtafuta Emin Pasha. Wapagazi walikuwa hasa Wangwana wa Zanzibar, zaidi ya 600. Safarini Parke aliwachanja ndui. Baadaye ugonjwa ulipoingia msafarani, waliochanjwa wengi waliokoka.

Lakini siku ya ile mishale, Wangwana kadhaa walipigwa pia, wengine vidonda vidogo tu. Kisha siku chache mataya yakafunga: ni tetanosi. Kadhaa wakafa, na Parke hakuwa na dawa yake. Chanjo ya tetanosi ambayo leo mama mjamzito anapata kwenye kituo cha afya haikuwapo.

Na ile ncha kifuani mwa Stairs? Ilikaa mule zaidi ya mwaka, ndipo Parke akaitoa. Kuchelewa huko si uvivu. Picha ya eksirei ilivumbuliwa 1895, na mshono wa kwanza wa moyo uliofaulu ulifanywa na Ludwig Rehn, Frankfurt, 1896. Kuchokoa kifua gizani kungeweza kupasua mshipa mkubwa. Hata leo waganga wanasema hivyo: usichomoe mshale wala kisu, kifunge kisitikisike, umkimbize mgonjwa. Na kunyonya kidonda hawashauri tena. Lakini mshipa mkubwa wa mguu au mkono ukikatika, hapo hakuna kungoja: kisha saa 6 hivi bila damu, nyama inaanza kufa, na kinachobaki mara nyingi ni kukata. Mwenye kulala njiani juu ya pikipiki anajua saa 6 zinaisha namna gani.

Mwisho wa 1887 Parke aliachwa Ipoto, kwenye kambi ya Wamanyema, pamoja na kapteni Nelson aliyekuwa na madonda ya miguu. Njaa ikawabana mpaka akauza nguo zake. Huko alinunua mwanamke Mmbuti, ambaye ndiye alimuuguza yeye munganga alipougua. Kununua mtu ni utumwa, hata kama mnunuzi anaponyesha watu. 1888 alikaa miezi mingi Fort Bodo, ndani ya msitu wetu.

Desemba 1889 msafara ukafika Bagamoyo. Usiku wa karamu Emin Pasha akaanguka kutoka ghorofani, kichwa kikaumia vibaya. Wenzake wakaendelea Zanzibar, Parke akabaki kumtunza mpaka hatari ikapita.

Mwenyewe alikufa 1893, na miaka 35 tu. Sanamu yake iko Dublin, mbele ya jumba la makumbusho. Chini yake kuna bamba la chuma: Parke ameinama, ananyonya kidonda cha Stairs.