Doug Nicholls

Sir Douglas Ralph Nicholls (9 Desemba 1906 – 4 Juni 1988) alikuwa mchezaji wa mpira wa miguu wa Kiaustralia, mchungaji na mtetezi wa haki za Waaborijini, yaani wenyeji asilia wa Australia. Ndiye Mwaborijini wa kwanza kuwa gavana wa jimbo nchini humo.

Alizaliwa Cummeragunja, hifadhi ya Waaborijini kando ya mto Murray katika jimbo la New South Wales. Alikuwa wa watu wa Yorta Yorta. Akiwa mtoto alishuhudia polisi wakimchukua dada yake Hilda kwa nguvu, ili apelekwe Cootamundra kufundishwa utumishi wa nyumbani.

Mwaka 1927 alijaribu kujiunga na klabu ya Carlton mjini Melbourne. Alikataliwa, wala si kwa udhaifu wa mchezo wake: wachuaji wa klabu hawakutaka kumchua misuli kwa sababu ya rangi yake. Akaenda Northcote, klabu ya ligi ya chini kidogo, iliyotwaa ubingwa mwaka 1929 yeye akiwa winga wake. Kimo chake cha sm 157 hivi kilikuwa kifupi mno kwa mchezo ambao wachezaji hurukiana kugombea mpira hewani, lakini alikuwa na mbio za ajabu. Alishinda hata mashindano ya riadha ya kulipwa huko Nyah na Warracknabeal.

Mwaka 1932 alisajiliwa na Fitzroy katika ligi kuu ya Victoria. Katika chumba cha kubadilishia nguo alikaa peke yake pembeni, mpaka Haydn Bunton, nyota wa timu, alipokwenda kukaa naye. Aliichezea Fitzroy mechi 54 hadi 1937. Mwaka 1935 alichaguliwa katika timu ya jimbo la Victoria, Mwaborijini wa kwanza kupata nafasi hiyo. Aliacha kucheza mwaka 1939 kwa maumivu ya goti.

Sifa aliyoipata uwanjani ilifanya asikilizwe. Akiwa mchungaji mtaani Fitzroy alishiriki kuunda Aborigines Advancement League mwaka 1957, na kupigania kura ya maoni ya 1967 kuhusu Waaborijini, iliyopita kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 1972 alipewa cheo cha Sir, Mwaborijini wa kwanza kukipata.

Tarehe 1 Desemba 1976 aliapishwa kuwa gavana wa Australia Kusini, lakini alipatwa na kiharusi na kujiuzulu Aprili 1977. Alizikwa Cummeragunja.