Padre Luc Gillon na Mtambo wa Atomiki

Padre Luc Gillon, Mbelgiji, alizaliwa mwaka 1920. Pamoja na upadre alisomea elimu ya atomiki, na mwaka 1954 akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Lovanium, Léopoldville, mji uitwao sasa Kinshasa. Urani ya Shinkolobwe, Katanga, ilitumika katika bomu la Hiroshima. Padre akaona ni haki Kongo nayo ipate elimu yake. Mtambo kutoka Marekani ukawashwa mwaka 1959, wa kwanza katika Afrika. Ulikuwa wa utafiti tu, kilowati 50, wala haukutoa umeme.

Aliacha ukuu mwaka 1967. Mtambo ulizimwa mwaka 1970, na wa pili, wa kilowati 1,000, ukaanza mwaka 1972. Mtambo unaozeeka hutaka wakaguzi na vipuri, hata yetu ya maji ya Kihansi na Kidatu. Lakini mionzi ikivuja haionekani kwa macho. Pale Kinshasa mmomonyoko ulikila kilima, na fimbo mbili za urani ziliibwa. Moja ilikamatwa Italia mwaka 1998, mwaka ule ule aliofariki Padre. Mtambo wa pili ulisimamishwa mwaka 2004, ukiwa na umri wa miaka 32.