Bomu lilimchukua mkono wa kulia, wa kushoto ukabeba dhahabu mbili

UKIULIZA ni Mhungaria gani aliyeitesa dunia kwa upande wa kushoto, shabiki wa soka atakujibu fasta: Ferenc Puskás. Mguu wake wa kulia ulikuwa wa kusimamia tu, kazi zote chafu alizifanya kwa wa kushoto. Halafu jina lenyewe, kwa Kihungaria, maana yake ni mtu wa bunduki.

Sasa kuna Mhungaria mwingine, aliyemzidi Puskás miaka 17, ambaye kwake bunduki haikuwa jina, ilikuwa ndiyo kazi. Naye alitamba kwa kushoto. Tofauti ni kwamba Puskás alizaliwa hivyo. Huyu alilazimishwa na bomu.

Anaitwa Károly Takács. Alizaliwa Budapest, Januari 21, 1910, akaingia jeshini akiwa kijana, na huko ndiko alikoonekana kuwa na kipaji cha kulenga shabaha kwa bastola. Kufikia katikati ya miaka ya 1930 alikuwa miongoni mwa walengaji wakali zaidi duniani.

Mchezo wake ulikuwa bastola ya kasi, mita 25. Mlengaji anasimama, mkono umeshuka chini. Mbele yake kuna shabaha tano zimepangwa mstari mmoja. Zikigeuka kumtazama, anainua mkono na kupiga risasi tano, kila shabaha risasi yake. Kwanza anapewa sekunde nane. Kisha sita. Kisha nne. Sekunde nne! Beki hajamaliza hata kunyoosha mkono kudai ofsaidi, huku jamaa kashamaliza shabaha tano. Jumla ni risasi 60, na anayepiga zote katikati kabisa anapata pointi 600.

Mwaka 1936 Olimpiki ilikuwa Berlin, na kwa kiwango chake Takács alistahili kuwemo. Hakuwemo. Hakuwa majeruhi, wala hakuwa ameshuka kiwango. Shida ilikuwa cheo: alikuwa sajenti, na jeshi la Hungaria wakati huo liliruhusu maofisa tu kwenda kushindana. Ni sawa na kumweka benchi straika wako namba moja kwa sababu baba yake hana gari. Dhahabu ya bastola ya kasi ikaenda kwa Mjerumani, Cornelius van Oyen.

Baadaye sheria ile ikaondolewa, Takács akaanza kuihesabia miaka Olimpiki ya 1940 iliyopangwa kufanyika Tokyo. Angekuwa na miaka 30, umri mzuri kabisa kwa mlengaji.

Ukaja mwaka 1938. Mashabiki wa Hungaria wanaukumbuka kwa machungu ya Juni, timu yao ilipofika fainali ya Kombe la Dunia jijini Paris na kuchapwa 4-2 na Italia. Kwa Takács machungu yalikuwa mengine. Akiwa kwenye mazoezi ya kijeshi, bomu la mkono lenye kasoro lilimlipukia mkononi. Mkono ule ule wa kulia, uliokuwa ukishika bastola, ndio uliosambaratika.

Alilazwa hospitali mwezi mzima. Kwa mtu yeyote mwenye akili timamu, stori ya michezo ingeishia hapo. Angepewa pole, pengine na kazi ya ofisini, na watoto wa mtaani wangekua wakisikia kwamba mzee yule zamani alikuwa balaa.

Alipotoka, Takács aliichukua bastola kwa mkono wa kushoto na kuanza upya, kimyakimya, bila kumtangazia mtu.

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana kuandika kwamba alihamia kushoto ni rahisi kuliko kuhamia kwenyewe. Bastola ya mashindano si chuma cha kushika ovyo. Mpini wake wa mbao huchongwa ufuate kiganja, na uliochongwa kwa ajili ya mkono wa kulia unakataa kabisa kukaa kushoto. Halafu kuna kidole. Kufyatua bila kuitikisa bastola ni suala la kidole kilichofundishwa kwa miaka mingi, na chake kilikuwa kimekwenda na bomu. Mwambie winga wa kulia apige kona zote kwa mguu wa kushoto kuanzia wiki ijayo, uone. Yeye tena hakuwa na uamuzi wa kurudi upande wa kulia mambo yakigoma.

Majira ya kuchipua ya 1939 yalipofika, alijitokeza kwenye mashindano ya taifa ya bastola ya Hungaria. Wenzake walimfuata kumpa pole na kumshukuru kwa kuja kuwaangalia. Aliwaeleza kwamba hakuja kuangalia, amekuja kushindana. Na akawashinda wote. Mwaka huohuo alikuwemo kwenye timu ya Hungaria iliyotwaa ubingwa wa dunia mjini Lucerne, Uswisi.

Ungedhani dunia ingemwonea huruma. Wapi! Vita Kuu ya Pili ilifuta Olimpiki ya 1940, ikafuta na ya 1944. Miaka yake bora ikapita hivyo hivyo.

Alipofika London mwaka 1948 alikuwa na miaka 38. Walenga shabaha walipelekwa Bisley, kwenye viwanja vya zamani vya kulengea shabaha huko Surrey. Aliyepewa nafasi kubwa ni Muargentina Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente, bingwa wa dunia wa wakati huo. Alipomwona Takács na mkono wake mmoja alimuuliza, kwa mshangao, amefuata nini pale. Takács akamjibu kwa upole kwamba amekuja kujifunza.

Matokeo yalipobandikwa, Takács alikuwa na pointi 580, rekodi mpya ya dunia. Muargentina alipata 571, Msweden Sven Lundquist akawa wa tatu. Díaz Sáenz Valiente, na hapa lazima asifiwe kwa kukubali kipigo kiungwana, alimfuata na kumwambia kwamba sasa amejifunza vya kutosha.

Miaka minne baadaye, Helsinki 1952, alirudi akiwa na miaka 42 na kutetea dhahabu yake. Safari hii ilikuwa jino kwa jino: alipata 579, na aliyemfuata kwa pointi moja alikuwa Mhungaria mwenzake, Szilárd Kun, kijana wa miaka 17. Kun alikuwa mwanafunzi wake. Yaani mwalimu alikuwa amemnoa mtoto hadi nusura mtoto ampokonye taji.

Michezo hiyohiyo ndiyo ambayo kikosi cha Puskás kiliichapa Yugoslavia 2-0 kwenye fainali ya soka, Puskás mwenyewe akifunga na Zoltán Czibor akiongeza la pili. Hungaria ilirudi nyumbani na dhahabu 16. Na kuna kichekesho hapa: Puskás alikuwa na cheo cha ofisa wa jeshi kwa sababu ya mpira tu. Takács, mwanajeshi kweli kweli, alikuwa ameikosa Berlin kwa kukosa cheo hichohicho. Mwishowe naye alipanda, hadi luteni kanali.

Melbourne 1956 umri ulimkamata, akamaliza wa nane. Hata hivyo mwaka 1958 aliondoka na shaba ya mashindano ya dunia, na nyumbani alikusanya ubingwa wa taifa mara 35. Alifariki Januari 5, 1976, zikibaki siku 16 atimize miaka 66.

Nchi iliyompa dhahabu ya kwanza leo isingemruhusu hata kuimiliki bastola ya namna ile kienyeji. Machi 1996, katika mji wa Dunblane, Scotland, mtu mwenye bastola alizomiliki kihalali aliua watoto 16 na mwalimu wao shuleni. Mwaka uliofuata sheria mbili zilipitishwa. Ya kwanza ilipiga marufuku bastola kubwa, ya pili ikazifagia na zile ndogo, ambazo ndizo za mchezo wa Takács. Walengaji wa Uingereza wakawa wanakwenda kufanya mazoezi nje ya nchi yao. London ilipoandaa tena Olimpiki mwaka 2012, ilibidi serikali itoe ruhusa maalumu ili wachache wajifue nyumbani. Mashindano yenyewe yalifanyika Woolwich, kulekule ambako wafanyakazi wa kiwanda cha silaha walianzisha timu mwaka 1886, ambayo sasa mnaiita Arsenal.

Sheria iliacha upenyo mmoja mwembamba kwa wanaopenda bastola za zamani. Ile ya kabla ya 1919 ambayo risasi zake hazipatikani kirahisi, mtu anaweza kukaa nayo nyumbani kwa kibali cha polisi, bila risasi. Iliyo bado na risasi sokoni, lakini ina historia au ufundi wa kipekee, hutunzwa kwenye maghala maalumu yaliyoidhinishwa, na mojawapo ya maghala hayo liko Bisley. Mwenye nayo hufika pale, huandikishwa, huisafisha, hukaza kilicholegea, hupiga risasi zake kwenye viwanja vilevile vya 1948, kisha huikabidhi kabla ya kuondoka.