Muyaka na Rafiki wa Siku ya Dhiki

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hiyo naisikia hata hapa Mwiki, upande wa Ruiru, ninakoishi mbali na bahari. Hunenwa na majirani wasiopata kuiona Mombasa. Mimi kila niisikiapo humkumbuka Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita.

Marehemu Muyaka alizaliwa mnamo mwaka 1776, Mombasa ikiwa mikononi mwa Mazrui. Alitunga juu ya mapenzi, njaa, fedha na vita, na alikuwa hodari wa kutia methali ndani ya beti. Kwa ulimi wake ushairi ulitoka msikitini ukashuka sokoni, watu wa kawaida wakajiona humo.

Urafiki wake ulipimwa na siasa. Mazrui walipogombana na Sayyid Said bin Sultan, Muyaka alikuwa upande wa Mazrui, akajibizana kwa mashairi na malenga wa Lamu. Mwaka 1837 Mombasa ilianguka. Wakuu wa Mazrui wakakamatwa kwa hila, wakapelekwa kifungoni Bandar Abbas. Muyaka aliishi kuyaona hayo, akafariki mwaka 1840. Hata leo jina lake hutajwa pamoja na walioshindwa, wala si na mshindi.

Lakini dhiki kubwa ya malenga ni kusahauliwa, na hiyo ilimjia akiwa kaburini. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa wazee, na wazee hupungua. Aliyemfaa hapo ni Mwalimu Sikujua bin Abdalla wa Mombasa, aliyeyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu. Alishirikiana na padre Mwingereza, William Taylor, mpenzi wa methali zetu, ambaye alichapisha kitabu cha methali hizo mwaka 1891. Mwalimu alifariki mwaka 1890, naye Taylor akaitunza kazi ile. Diwani ya Muyaka ikachapishwa mwaka 1940 kwa mkono wa William Hichens.

Mwalimu alibaki na dini yake, padre na yake. Amana ikafika salama.

Waama, katika mitaa yetu wako wazee wenye tungo zisizopata kuandikwa. Basi tusingoje matanga ndipo tuwasifu. Tuwaendee na kalamu wangali hai, tuwafae kwa dhiki hiyo.