Mioyo miwili ya chura iliyotufunza kutibu sumu ya shambani

Huenda hapo nyumbani kwako, stoo au uvunguni mwa kitanda, kuna chupa ya dawa ya kuulia wadudu wa mazao. Mtoto akiinywa na kuwahishwa hospitali, sindano mojawapo anayoweza kuchomwa ni atropini. Leo nakusimulia maisha ya Otto Loewi, daktari ambaye kazi yake ilisaidia kueleza kwa nini sumu ya aina hiyo huua na kwa nini sindano hiyo huokoa.

Loewi alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1873, katika familia ya Kiyahudi. Alipenda kusomea historia ya sanaa, lakini familia ikamshawishi asomee udaktari. Alipohitimu alifanya kazi katika hospitali ya mji wake. Huko aliona wagonjwa wa kifua kikuu na nimonia wakifa huku madaktari hawana dawa ya kuwapa. Hali hiyo ilimkatisha tamaa, akaacha wodi na kuingia maabara kuchunguza jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini. Mwaka 1909 akawa profesa huko Graz, Austria.

Wakati huo wataalamu walikuwa wakibishana. Neva inayofika kwenye moyo huuambiaje upunguze mapigo? Wengi waliamini kuwa ni umeme tu. Usiku mmoja, kipindi cha Pasaka, Loewi aliota namna ya kupata jibu. Akaamka, akaandika kwenye karatasi, akalala tena. Asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake mwenyewe! Usiku uliofuata wazo lilimrudia. Safari hii hakungoja kukuche. Saa tisa usiku alikwenda maabara.

Alichukua mioyo miwili ya chura, ambayo huendelea kudunda kwa muda ikiwa kwenye maji ya chumvi. Wa kwanza aliuacha na neva yake. Alipoisisimua neva hiyo kwa umeme, moyo ukapunguza mapigo. Akachota maji yaliyokuwa ndani ya moyo huo, akayatia kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mapigo, ingawa hakuna neva yake iliyoguswa. Maana yake ni kwamba neva ilikuwa imemwaga kemikali, na kemikali hiyo ndiyo iliyobeba ujumbe. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1921. Baadaye ilijulikana kuwa kemikali yenyewe ni asetilikolini.

Ili kuufuatilia ujumbe huo, Loewi alitumia dawa zenye molekuli ndogo kama fundi anavyotumia bisibisi. Atropini huziba mahali ambapo seli hupokelea ujumbe; kemikali ipo, lakini moyo hauisikii. Fisostigmini, itokanayo na maharagwe ya Calabar ya Nigeria, hufanya kinyume. Mwaka 1926 Loewi na mwenzake walionyesha kuwa huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, hivyo ujumbe hauzimiki.

Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na rafiki yake Mwingereza, Henry Dale. Miaka miwili baadaye Wanazi waliingia Austria, wakamkamata yeye na watoto wake wawili wa kiume. Kabla ya kuruhusiwa kuondoka nchini, alilazimishwa kuwakabidhi fedha za tuzo yake. Aliishia Marekani, akafundisha New York, na akafariki huko mwaka 1961 akiwa na miaka 88.

Sasa turudi kwenye ile chupa. Viuatilifu vya makundi ya oganofosfeti na kabameti huzuia kimeng'enya kilekile. Ujumbe wa neva hauzimiki, mwili unafurika. Mtoto hutokwa na mate, machozi na jasho jingi, hutapika, huharisha, mboni za macho huwa ndogo, kifua hujaa majimaji na pumzi hukata. Atropini huziba mlango wa ujumbe huo, na kifua huanza kukauka.

Mzazi, ukiona dalili hizo, mwondoe mtoto kwenye sumu. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi, huku ukijikinga mikono yako. Usimtapishe, wala usipoteze muda kutafuta maziwa. Mkimbize hospitali, na uende na chupa au lebo ya dawa ili daktari ajue ni sumu ya kundi gani.

Bora zaidi, fanya jambo moja leo kabla hujalala: kaitazame hiyo chupa. Kama dawa ilimiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji, iondoe mara moja. Dawa ya shamba ikae kwenye chombo chake cha asili, chenye lebo, ndani ya kabati lenye kufuli.