Satyendra Nath Bose, Mwalimu Aliyethubutu

Ndugu Mhariri ameniomba niwaandikie vijana wetu juu ya mtu mmoja wa elimu. Nimemchagua Satyendra Nath Bose kwa sababu alikuwa mwalimu, na kazi yake kubwa ilitoka darasani.

Bose alizaliwa Calcutta, India, tarehe 1 Januari 1894. Mwaka 1921 alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Dhaka. Kanuni ya Planck juu ya nuru na joto ilimsumbua, maana maelezo yake hayakumridhisha, naye hakupenda kufundisha asichokiamini.

Ninyi wanafunzi, chukueni gololi mbili, nyekundu na nyeusi, na masanduku mawili. Ziko njia nne za kuzipanga, na katika njia mbili gololi hukaa pamoja: yaani nusu. Bose alizihesabu chembe za nuru kama vitu visivyotofautishwa hata kidogo. Hapo njia ni tatu tu, na katika mbili chembe hukaa pamoja. Basi chembe hizo hurundikana zaidi ya tulivyotazamia.

Jarida moja la Uingereza halikuichapisha makala yake. Hakukata tamaa. Mwezi Juni 1924 alimpelekea Einstein huko Berlin, mtu ambaye hawakuwa wameonana. Einstein aliitafsiri kwa Kijerumani, ikachapishwa mwaka huo huo. Kisha akaitumia hesabu hiyo kwa atomu za gesi, akatabiri kwamba katika baridi kali mno atomu nyingi zitaingia katika hali moja.

Utabiri huo ulithibitishwa mwaka 1995 huko Boulder, Marekani, kwa atomu za rubidi, karibu kabisa na nyuzi 273 chini ya sifuri. Vipimo vya baadaye vilionyesha jambo la ajabu: kabla ya kufikia hali hiyo, msongamano wa gesi hupanda na kushuka kwa kuwa atomu hurundikana, zikishaingia, msukosuko hutulia.

Bose hakuyaona hayo. Alifariki tarehe 4 Februari 1974, bila Tuzo ya Nobel. Ya mwaka 2001 ilikwenda kwa walioitengeneza gesi hiyo. Lakini tangu 1948 alikuwa ameanzisha chama cha kueneza sayansi kwa Kibengali, lugha ya nyumbani kwake.

Vijana, mkikataliwa mlango mmoja, bisheni hodi mwingine. Ila kwanza hakikisheni hesabu yenu ni sahihi.